Farmaajo wa Somalia: aliangushwa Kampala 2011, au alijiangusha mwenyewe 2021?

#1 Kivuko_Kigamboni (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Tangu Somalia iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki nimeanza kuwafuatilia wanasiasa wao kama ninavyowafuatilia wa Kenya na Uganda. Kuna mmoja ananivuruga kichwa: Mohamed Abdullahi Mohamed, maarufu Farmaajo.

Juni 2011 alikuwa waziri mkuu, ana miezi minane tu ofisini. Yakasainiwa makubaliano Kampala kwamba aachie ngazi, na Mogadishu watu wakamiminika barabarani kumlilia. Waziri mkuu! Februari 2017 akarudi akiwa rais, wakafyatua risasi angani kwa furaha. Aprili 2021, mji uleule, wanajeshi wa serikali moja wakaelekezeana mitutu kwa sababu yake. Mei 2022 akashindwa kura, akampa mkono mshindi, akaondoka zake.

Huyu ni mtu mmoja au wawili? Dai langu: Kampala ndiyo iliyomharibu. Aliondoka kistaarabu 2011 akaona faida yake ni sifuri, ndiyo maana 2021 ilipofika zamu ya kutoka akang'ang'ania. Nipingeni kwa hoja.

#2 NusuKilo
Naweka kiti hapa. Ila kwanza nijibuni, Farmaajo si ni jibini?

#3 DadaWaIsli
NusuKilo, ndiyo, ni jibini. Neno la Kiitaliano, formaggio, likapita midomoni mwetu likawa farmaajo. Inasemwa baba yake aliipenda jibini tangu alipokuwa Italia, jina likamganda hadi mtoto. Kwetu jina la utani halikimbiliki. Siad Barre aliitwa Afweyne, mdomo mkubwa. Ahmed Madobe wa Jubaland, hilo Madobe ni mweusi. Ukienda Isli, Nairobi, ukauliza mtu kwa jina lake la kitambulisho utazunguka siku nzima, majina ya Mohamed Abdi yako mia kila jengo. Sema yule mwenye jicho moja, unapelekwa mlangoni.

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamtukana.

#4 MzeeWaMagazeti
Mleta mada umeleta jambo la maana, ila umeruka mengi. Ngoja nipange, maana hapa kuna mkono wa Mtanzania na nashangaa hujamtaja.

Farmaajo alizaliwa Mogadishu 1962. Akaajiriwa wizara ya mambo ya nje, katikati ya miaka ya 80 akapelekwa ubalozi wao Washington. Nyumbani kulipoanza kuchafuka hakurudi. Akaomba hifadhi Marekani, akahamia Buffalo, jimbo la New York, akasoma historia pale chuo kikuu cha Buffalo. Shahada ya pili aliipata 2009, na tasnifu yake ilihusu maslahi ya Marekani ndani ya Somalia tangu vita baridi mpaka vita dhidi ya ugaidi. Mkate wake wa kila siku ulikuwa utumishi wa umma: mamlaka ya nyumba za mji, halmashauri ya kaunti, kisha idara ya uchukuzi ya jimbo, kitengo cha usawa katika ajira. Karani wa ngazi ya kati, kwa lugha yetu.

Oktoba 2010 Rais Sharif Sheikh Ahmed akamteua waziri mkuu. Bunge likampitisha kwa kura 297 dhidi ya 92. Akakata baraza la mawaziri kutoka 39 hadi 18. Hapo ndipo watu walipoanza kumpenda, si kwa hotuba.

Sasa Kampala. Rais Sharif na Spika Sharif Hassan Sheikh Aden walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mmoja anataka uchaguzi uahirishwe, mwingine anataka ufanyike Agosti 2011. Museveni akawaita. Tarehe 9 Juni 2011 wakasaini: uchaguzi unasogezwa hadi Agosti 2012, wote wawili wanabaki vitini, na waziri mkuu anaondoka ndani ya siku 30. Yaani mafahali wawili wamepigana, nyasi zikang'olewa kabisa. Na aliyekuwa pale kama mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa Somalia ni Balozi Augustine Mahiga, mtoto wa Tosamaganga, Iringa, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Mungu amrehemu, alifariki Mei 2020.

Kwa hiyo mkisema Kampala, semeni na Iringa.

#5 Kivuko_Kigamboni
Shukrani Mzee. Ya Mahiga sikuijua kabisa. Inaipa hoja yangu nguvu zaidi: aliondolewa na watu wa nje.

#6 NusuKilo
Wanyalukolo wa Iringa mmesikia huko. Mmeangusha serikali ya watu.

#7 AskariMstaafu_Jinja
Mimi nilikuwa Mogadishu huo mwaka, na jeshi letu la Uganda, UPDF. Niwaambie nilichoona, si nilichosoma.

Wiki ile ilikuwa na mambo matatu kwa pamoja. Usiku mmoja askari wa serikali kwenye kizuizi walimpiga mtu aliyepotea njia na gari, siku chache baadaye ikajulikana ni Fazul, yule Mkomoro wa mabomu ya Nairobi na Dar ya 1998. Muda mfupi baada ya usiku ule ndiyo yale makubaliano ya kwetu Kampala. Kisha waziri wa mambo ya ndani akauawa nyumbani kwake kwa bomu, na aliyelilipua alikuwa binti wa ndugu yake. Tukaambiwa tusitoke kambini.

Lakini kelele za barabarani tulizisikia. Na nilichoshangaa ni kwamba miongoni mwa walioandamana walikuwemo askari wa serikali yao, wamevaa sare. Nikamuuliza mkalimani wetu, hawa wanataka nini? Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Nairobi: "Afande, huyu alikuwa analipa." Basi. Sikusikia ukoo wala siasa, ni kulipa.

Halafu nyie mnaosema Museveni alimwondoa: sisi tulikuwa tunakufa kule. Viongozi wao walikuwa wanagombana nani akae kiti gani ilhali Al-Shabaab wako mtaa wa pili. Mngefanya nini?

#8 Mrundi_wa_Kinama
Afande wa #7 asante. Sisi Warundi pia tulikuwapo, msitusahau kila mara. Mwaka ule tulizika vijana wengi.

#9 AskariMstaafu_Jinja
Kweli ndugu. Warundi walipigana. Pole kwa wote.

#10 MzeeWaMagazeti
Hilo la mshahara la #7 ndilo kiini. Farmaajo alihakikisha askari wanapata posho zao, na mawaziri wake wakaandika mali zao. Katika nchi ambako askari akikosa mshahara anageuza kizuizi cha barabarani kuwa duka lake, ukimlipa umeleta usalama kuliko kifaru.

#11 Kivuko_Kigamboni
Sasa kama ni mshahara, mbona 2021 askari haohao wakagawanyika?

#12 DadaWaIsli
Kwa sababu mshahara si kila kitu, kaka. Nyie mnakwepa neno ukoo kama vile ni tusi. Farmaajo ni Marehan, katika Darod. Ukoo mmoja na Siad Barre. Mogadishu kwa sehemu kubwa ni Hawiye. Aprili 2021 vikosi vilivyoingia mjini kutoka Shabelle vilikuwa vya watu wa upande wa upinzani, na upinzani ule, marais wa zamani Hassan Sheikh na Sheikh Sharif, ni Hawiye. Hesabu ni rahisi.

#13 MzeeWaMagazeti
Dada, hesabu yako inaanguka palepale 2011. Waliomlilia mwaka huo ni watu wa mji uleule wa Hawiye, na aliyebaki kitini ni Sheikh Sharif, Hawiye mwenzao. Ukoo ungekuwa ndio funguo ya kila mlango, Mogadishu ingeshangilia Kampala.

#14 DadaWaIsli
Mzee, umenishika. Lakini nitarudi.

#15 PapaBuffalo
Bandugu, mbote. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, niko hapa Buffalo karibu miaka kumi sasa. Huku West Side tuko wengi: Wakongomani, Wasomali, Wasomali Bantu wanaojua Kiswahili, Waburma. Farmaajo ni kama mtu wa mtaa hapa.

Kitu hamkusema: alipoangushwa 2011 alirudi hapahapa, kwenye kazi yake ileile ya idara ya uchukuzi. Wazia hilo. Jana una walinzi na magari ya chuma, leo unapangusa theluji kwenye kioo cha gari yako saa kumi na mbili asubuhi ili uwahi ofisi. Mimi ile theluji naijua. Inafika magotini, na ukichelewa kuipangusa inakuwa barafu, unaikwaruza mpaka vidole vinakufa. Mzee mmoja Msomali tunayesali naye Ijumaa aliniambia walikuwa wanamwita "mheshimiwa" pale dukani na yeye anacheka tu, ananunua ndizi.

Na bado kuna lingine. Waziri mkuu aliyechukua nafasi yake, Abdiweli Gaas, naye ni mtu wa huku! Alikuwa mwalimu wa chuo cha Niagara. Buffalo ilimtoa Buffalo.

#16 NusuKilo
"Buffalo ilimtoa Buffalo" 😂😂 Nyati kwa nyati. Papa umeua.

#17 Kivuko_Kigamboni
Papa hii ni dhahabu. Kwa hiyo mtu alirudi kazini kimya kimya, hakuanzisha vurugu. Ndiyo ninachosema: alikuwa muungwana, wakamfundisha kuwa uungwana haulipi.

#18 MlimaNyambene
Nyie mnamwonea huruma huyo mtu, njoo mji wa Maua, Meru, uulize. Sisi wa miraa tulimjua kwa njia nyingine kabisa. Machi 2020 ndege zilisimama kwa sababu ya korona. Tukasema sawa, ugonjwa. Nchi nyingine zikafungua, anga ya Mogadishu kwa miraa yetu ikabaki imefungwa. Desemba mwaka huo Somalia ikakata uhusiano na Kenya. Miraa ni kitu cha siku mbili: asubuhi inakatwa, inafungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, magari yanakimbia uwanja wa ndege wa Wilson kama yamebeba mgonjwa. Isipopanda ndege siku hiyo ni chakula cha mbuzi. Kaka yangu alifikia kuwapa mbuzi kweli, na mbuzi wakakesha wanalia usiku mzima.

Ndege zilirudi Julai 2022, Farmaajo akiwa ameshatoka. Mimi sina la uchambuzi. Nasema tu hivyo.

#19 NusuKilo
Mbuzi wakakesha 😭😭😭 nimeishiwa nguvu.

#20 FundiSufuria
Nimesoma kimya, sasa niseme ya kwangu. 2017 nilikuwa mpishi ndani ya kambi ya uwanja wa ndege Mogadishu, kampuni siitaji. Uchaguzi wa tarehe 8 Februari ulifanyika humohumo eneo la uwanja, kwenye banda la zamani la jeshi la anga, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine salama. Mji ulifungwa, hakuna gari, ndege hazitui. Sisi tuliambiwa tupike cha kutosha kisha tukae ndani.

Jioni nikawa nasugua sufuria kubwa, zile za kuingia mtoto. Ghafla risasi. Si moja, ni anga nzima. Mimi na kijana mmoja wa Mtwara tukajitupa chini ya meza ya kukatia vitunguu. Nikasoma dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine ambazo sikufundishwa. Baada ya kama robo saa akaingia mlinzi, Msomali, machozi yanamtoka, anacheka. Akatuona chini. Akasema neno moja: "Farmaajo!" Akachukua mwiko wangu akaanza kucheza nao.

Sijawahi kuona mtu mzima anacheza na mwiko kwa ajili ya rais. Mkiniuliza kama alipendwa, mimi jibu langu ni ule mwiko.

#21 DadaWaIsli
Fundi, hata huku Isli na Garissa ilikuwa hivyohivyo. Honi mpaka usiku wa manane. Ulipika nini siku hiyo?

#22 BaharoniaTanga
Alishinda raundi ya kwanza kabisa, yaani aliwafagia.

#23 MzeeWaMagazeti
Hapana #22. Raundi ya kwanza aliongoza Hassan Sheikh, rais aliyekuwa madarakani, kwa kura 88. Farmaajo 72. Raundi ya pili ndiyo akapaa: 184 kwa 97, na Hassan Sheikh akakubali kushindwa bila kusubiri raundi ya tatu. Na wapiga kura wote walikuwa wabunge na maseneta 328. Wananchi hawakupiga kura. Wananchi walicheza na mwiko tu.

#24 KakaWaDoha
Haya, nani ataitaja Katari au niitaje mimi? Kura za wabunge 328 ndani ya banda zina bei. Kila mgombea alikuwa na mfadhili wake, Ghuba iligawanyika mafungu. Fahad Yasin, mtu wa habari wa zamani, ndiye anayetajwa kuwa daraja kati ya Farmaajo na huku. Baadaye akapewa ikulu, kisha akawa mkuu wa usalama wa taifa. Aprili 2018 ndege ya Imarati ikakamatwa Mogadishu na dola milioni 9.6 taslimu kwenye mabegi. Mnadhani ugomvi ule ulikuwa wa forodha?

Ndiyo maana nasema siasa ya yule bwana msiitafute Kampala wala Buffalo. Itafuteni huku Ghuba.

#25 MzeeWaMagazeti
Kaka, wafadhili walikuwepo kwa wote, umesema mwenyewe. Kama pesa ni za wote, haziwezi kueleza kwa nini kashinda huyu na si yule. Wabunge walikula huku, wakapiga kura kule. Hilo nalo linatokea.

#26 KakaWaDoha
Linatokea kwenu Dodoma labda 😀

#27 BintiBarawa
Assalaam aleikum. Mie ni mtu wa Barawa, nimezaliwa Mombasa kwa wazee waliokimbia vita. Kwa wasiojua, Barawa iko Somalia, kusini ya Mogadishu, na lugha yetu Chimiini ni jamaa yake Kiswahili. Kismayu na visiwani kuna Wabajuni. Sisi ni Waswahili wa ndani ya Somalia, na kila nikisoma nyuzi kama hizi naona mwazungumza kana kwamba hatupo.

Mwasema ukoo, ukoo. Mwajua 4.5? Viti vya bunge hugawanywa mafungu manne na nusu. Darod fungu, Hawiye fungu, Dir fungu, Digil na Mirifle fungu. Wengine wote, Wabantu, Wabajuni, watu wa Barawa, na wenginewe, twasongamana katika ile nusu. Mamangu husema, "Wenzetu ni watu, sisi ni nusu mtu, hata kwenye mahesabu."

Farmaajo aliahidi uchaguzi wa mtu mmoja kura moja. Kule haujafanyika wa nchi nzima tangu Machi 1969. Mamangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alifurahi kwa hilo peke yake. Alisema kura moja haina nusu. Haukufanyika. Yeye hakuudhika kwa Aprili 2021 wala kwa Ghuba. Aliudhika kwa hilo.

#28 Kivuko_Kigamboni
Dada Binti, nimesoma mara mbili. Shukrani. "Kura moja haina nusu."

#29 DadaWaIsli
Pole kwa mama. Na ni kweli, sisi wenye mafungu kamili huwa hatuioni hiyo nusu. Ila kwa haki, si Farmaajo peke yake aliyeahidi. Hassan Sheikh naye aliahidi kabla ya 2016, ikaishia wazee wa koo kuchagua wajumbe 14,025, nao wajumbe wakachagua wabunge. Kila mmoja anaahidi akiingia, akitoka anasema usalama haukuruhusu.

#30 BintiBarawa
Ndiyo dadangu. Lakini mama hakumwamini Hassan Sheikh tangu mwanzo. Huyu alimwamini. Kuna tofauti.

#31 Mwanasheria_Msasani
Naona mnazungusha tabia za mtu. Mimi naona tatizo ni muundo. Katiba ya muda ya 2012 ilimpa rais kuteua waziri mkuu, lakini bunge ndilo lililokuwa na uwezo wa kumwondoa. Ukiwa na vichwa viwili, vitagongana tu. Angalieni orodha ya mawaziri wakuu na marais wao: Sharmarke na Sheikh Sharif wakakosana 2010. Farmaajo na Sharif tumeona. Saaid akaondolewa na bunge 2013, Abdiweli Sheikh Ahmed 2014, wote chini ya Hassan Sheikh. Farmaajo naye alipokuwa rais akamfukuza Khayre 2020, kisha akagombana na Roble aliyemfuata.

Mtu aliyekaa viti vyote viwili, cha kusukumwa na cha kusukuma, akafanya kilekile alichofanyiwa. Sasa mtaniambia ni tabia?

#32 MzeeWaMagazeti
Mwanasheria, sahihisho dogo: Khayre aliondolewa na bunge, Julai 2020, kura 170 kwa 8. Rais akapokea matokeo.

#33 Mwanasheria_Msasani
Akapokea kwa mikono miwili na tabasamu, Mzee. Kura 170 hazijipangi zenyewe asubuhi moja.

#34 KakaWaDoha
😀😀 Hapo nakubaliana na wakili.

#35 DadaWaIsli
Nimerudi kama nilivyoahidi #14. Mzee aliuliza mbona 2011 ukoo haukufanya kazi. Jibu: 2011 Farmaajo hakuwa na nguvu ya kumtisha mtu. Waziri mkuu wa kutoka Buffalo, hana kikosi, analipa mishahara, nani asimpende? Ukoo unaamka pale mtu anaposhika bunduki na hatoki.

Muda wake uliisha 8 Februari 2021. Tarehe 12 Aprili bunge la chini likapiga kura kuongeza miaka miwili, 149 kwa 3. Kamanda wa polisi wa Mogadishu, Sadaq John, akajaribu kukizuia kikao kile, akafutwa kazi palepale. Aprili 25 risasi mjini. Shangazi yangu alihama mtaa akiwa na godoro kichwani na birika la chai mkononi. Birika! Ameacha dhahabu ndani, amebeba birika. Alisema 1991 walianza hivihivi, na mwaka ule alijuta kuacha birika.

Mtu wa umri wake akiona Marehan ikulu na hatoki, hafikirii katiba. Anafikiria Afweyne.

#36 Kivuko_Kigamboni
Hiyo ya birika imenikaa. Ila naye alirudi nyuma, si ndiyo? Mei mosi bunge likafuta nyongeza.

#37 Mwanasheria_Msasani
Alirudi nyuma baada ya Roble na wakuu wa majimbo kadhaa kumwacha peke yake. Kisha Roble akakabidhiwa uchaguzi, ugomvi ukaanza upya. Septemba 2021 wakakosana juu ya Ikran Tahlil, yule binti afisa wa usalama aliyetoweka. Roble akamsimamisha Fahad Yasin, Farmaajo akapinga. Desemba Farmaajo akatangaza kumsimamisha Roble, Roble akaendelea kwenda ofisini. Aprili 2022 Roble akamfukuza Balozi Madeira wa Umoja wa Afrika, Farmaajo akasema hafukuzwi mtu. Nchi moja, balozi huyohuyo amefukuzwa na hajafukuzwa.

#38 NusuKilo
Kama mimi na bosi wangu. Ananifukuza Ijumaa, mkewe ananirudisha Jumatatu.

#39 BaharoniaTanga
Nimekubali sahihisho la #23. Ila mbona hamsemi mema? Msamaha wa madeni ulianza kwake, Machi 2020.

#40 MzeeWaMagazeti
Sawa kabisa, Baharonia. Hatua ya kwanza ilifikiwa Machi 2020, yeye akiwa rais. Ya mwisho Desemba 2023, Hassan Sheikh akiwa amerudi. Jumla dola bilioni 4.5. Na kuingia Jumuiya ni Hassan Sheikh: kikao cha Arusha Novemba 2023, uanachama kamili Machi 2024. Kila mmoja anavuna shamba alilopalilia mwenzake. Na kesi ya mpaka wa bahari na Kenya vilevile: ilifunguliwa 2014 kwa Hassan Sheikh, hukumu ya Oktoba 2021 ikamkuta Farmaajo.

Ila msisahau 14 Oktoba 2017, lori la bomu pale Zoobe, Mogadishu, likaua watu 587. Alikuwa na miezi minane ikulu. Sijui kiongozi gani hubaki yuleyule baada ya hapo.

#41 AskariMstaafu_Jinja
Hiyo Zoobe hapana. Hata sisi tuliozoea, hapana.

#42 MlimaNyambene
Halafu wale vijana waliopelekwa Eritrea? Wazazi waliandamana 2021 wakiuliza watoto wako wapi. Serikali inakana. Alipokuwa anakabidhi ofisi 2022 ndipo akasema wapo 5,000 kule mafunzoni. Mzazi anaambiwa mwanao yuko wapi siku ya kukabidhi funguo!

#43 DadaWaIsli
Hilo hata waliompenda hawana jibu. Kuna mama jirani yangu hapa, mwanawe alikuwa kule. Sisemi zaidi.

#44 PapaBuffalo
Mimi nadhani ni hii: hapa Marekani alikuwa karani wa sheria za ajira. Anapokea karatasi, anaweka sahihi. Kule alikuta hakuna karatasi, kuna watu. 2011 aliendesha serikali kama ofisi, wakampenda. 2017 akaanza kuiendesha kama wenyeji, na wenyeji wanajua mchezo ule kuliko yeye. Tena uraia wa Marekani aliuacha 2019. Safari hii hakukuwa na theluji ya kurudia.

#45 Mwanasheria_Msasani
Papa, maelezo mazuri, ila Khayre katokea Norwei, Gaas katokea Niagara, nusu ya mawaziri wana pasipoti mbili. Wote wangekuwa hivyo.

#46 PapaBuffalo
Labda wote wako hivyo, wakili.

#47 KakaWaDoha
Kwa hiyo mshahara, ukoo, Ghuba, katiba, sasa theluji. Mleta mada bado uko na Kampala yako?

#48 Kivuko_Kigamboni
Bado niko nayo, ila imebanwa pembeni kama abiria wa pantoni saa moja asubuhi. Nilidhani nimekuja na jibu. La birika na la nusu sikuyatarajia. Nikipata nafasi nitafungua uzi wa Roble, maana naona huyo ndiye tumempita haraka.

#49 BintiBarawa
Ukifungua, weka na la Barawa. Mama aniuliza kama mumemaliza kumsema Farmaajo. Nimemwambia bado. Asema basi mumwambie yule mpishi ajibu alichoulizwa.

#50 FundiSufuria
Samahani dada wa #21, simu ilizima. Ilikuwa wali, maharage ya nazi na kuku wa mchuzi, sahani 200. Mji ulivyolipuka kwa shangwe hakuna aliyekuja kula, asubuhi tukawapa walinzi wa getini. Na kabla NusuKilo hajauliza: hapana, jibini haikuwepo.